Ishusheni Kompyuta Ile Kutoka Juu ya Kabati



Katika nyumba nyingi za mijini kwetu ipo kompyuta isiyotumika. Imefunikwa kitambaa pembeni ya sebule, au imelazwa juu ya kabati pamoja na masanduku ya safari. Ukiuliza ina nini, utaambiwa imezeeka, inasumbua, inachukua dakika kumi kuwaka. Ni mara chache sana utaambiwa imekufa. Wakati huohuo mtoto wa nyumba hiyohiyo anafanya kazi ya shule kwenye simu ya mama yake, na kaka yake aliyemaliza chuo amepanga foleni steshenari, akilipia kuchapiwa barua ya maombi ya kazi ambayo angeweza kuichapa mwenyewe.

Nina ombi moja kwako. Kabla familia haijaanza kujinyima ili inunue kompyuta mpya, au haijakata tamaa kwa sababu fedha ya kununua mpya haipo, ifungueni iliyopo. Nyingi ya kompyuta hizi zinafufuka, na zikifufuka zinaweza kutumika miaka kadhaa zaidi. Kazi tunazozihitaji nyumbani hazidai mashine ya bei mbaya: kuomba mkopo wa elimu ya juu HESLB, kutuma maombi kwenye Ajira Portal, kuwasilisha ritani za kodi TRA, kusoma vitabu katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuweka hesabu za VICOBA au za kamati ya msikiti na kanisa. Ndugu zetu wa Kenya nao wanaijua haja hiyo kila wanapoingia eCitizen. Huduma zimehamia mtandaoni, na asiye na kompyuta nyumbani anazilipia mara mbili: kwa nauli, na kwa kumkabidhi mtu wa dukani nenosiri na namba zake za siri.

Kwa nini nalisema sasa

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Mpango wa kuwaongezea muda watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kufika Oktoba 2026 tu. Windows 11, inayotakiwa kuchukua nafasi yake, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Sasa zitazame kompyuta zilizojaa majumbani mwetu. Nyingi ni mtumba wa maofisini, uliotoka Ulaya na Marekani au uliopitia Dubai, na zilitengenezwa kabla ya hapo. Zimetangazwa kuwa zimepitwa na wakati ilhali hakuna kilichoharibika ndani yake.

Watu wengi watatishika na kuzitupa. Wengine watatapeliwa, wauziwe mashine mbovu kwa jina la mpya. Ndiyo maana nataka tuongee mapema, kwa utulivu, tujue fedha kidogo tuliyo nayo iende wapi.

Ulipo ugonjwa

Tuchukue mfano mmoja halisi: Dell OptiPlex 3020, kompyuta ya mezani iliyoingia sokoni mwaka 2013. Ndani yake kuna prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, mara nyingi Core i3 au i5, RAM ya GB 4 ya aina ya DDR3, na diski ngumu ya kuzunguka ya GB 500. Mwenyewe atakuambia prosesa imechoka. Prosesa haijachoka. Kwa kuandika, kuhesabu, kutazama video za masomo na kufungua tovuti za serikali, i5 ya mwaka ule bado ina nguvu ya kutosha na ya kubaki.

Kinachoikwamisha ni diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mdogo unaohama huku na huku ukitafuta data. Kila uhamaji unakula takriban milisekunde kumi. Hilo linaonekana dogo, lakini kompyuta inapowaka inasoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na mkono ule lazima uifuate kila moja mahali ilipo. SSD, diski ya kisasa ya kielektroniki, haina kinachozunguka wala kinachohama. Inaifikia data chini ya milisekunde moja, na hata ile ya bei nafuu inayotumia waya wa SATA husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, mahali ambapo diski ya zamani huishia karibu na 100.

Usiniamini kwa maneno tu. Iwashe kompyuta yako, na ikiwa ni ya Windows bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya diski na safu ya memori, yaani RAM. Safu ya diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa imetulia, umeuona ugonjwa kwa macho yako. Memori ikikaa juu ya asilimia 85 ukiwa umefungua kivinjari na waraka mmoja tu, umeuona na wa pili.

Mpangilio wa matumizi

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio ndio kila kitu. Nashauri uende hivi.

Kwanza, kisichogharimu. Fungua kasha la kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme, toa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Shika feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha. Vumbi likiziba, joto hupanda, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katika miji yetu yenye joto na vumbi, usafi huu peke yake huleta nafuu inayoonekana. Kompyuta ikiwa na miaka mingi, mwombe fundi afute pesti kavu iliyo kati ya prosesa na kipozeo, apake mpya.

Pili, betri dogo la duara lililo kwenye mazabodi, lenye namba CR2032. Likiisha, kompyuta husahau tarehe kila inapozimwa, inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Tarehe ikikosewa, tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana si halali. Kompyuta ya namna hii mtu anaweza kuihukumu kuwa na virusi au kuwa mbovu, kumbe dawa yake ni betri dogo linalouzwa mpaka kwenye maduka ya saa.

Tatu, SSD. Hapa ndipo fedha yako kubwa iende, hata kama hutaweza kununua kitu kingine chochote. Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha nyumba ya kawaida. Kwa kompyuta nyingi za kabla ya 2015 utahitaji ile ya inchi 2.5 ya SATA, ambayo huingia kwenye kompyuta ya mezani na kwenye kompyuta mpakato vilevile. Kabla fundi hajagusa chochote, hamisha picha, vyeti na nyaraka zako kwenye flashi au diski ya nje, na uhakikishe zinafunguka huko. Diski ya zamani usiitupe. Ikiwa bado nzima, itiwe kwenye kasha la USB, iwe ghala la nakala za akiba za familia.

Nne, RAM. Ukifikisha GB 8, kivinjari chenye kurasa kadhaa na waraka wa kuandika vitakaa pamoja bila kugombana. Lakini uwe mwangalifu: DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo lao liko mahali tofauti, na vijiti vya kompyuta mpakato ni vifupi kuliko vya mezani. Tena baadhi ya kompyuta mpakato za miaka hiyo hutaka DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Njia salama ni kuchomoa kijiti kilichomo na kwenda nacho dukani.

Mambo haya manne yakikamilika, kompyuta iliyokuwa ikitumia dakika kadhaa kuwaka mara nyingi itawaka chini ya dakika moja. Ni mashine ileile, prosesa ileile, kioo kilekile.

Mfumo endeshi wa bure

Linabaki suala la Windows 10. Kama kompyuta yako inakidhi masharti ya Windows 11, ipandishe, huna sababu ya kuhangaika. Kama haikidhi, ipo njia halali isiyo na malipo: mifumo ya Linux. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, ina sura ambayo mtu aliyezoea Windows ataielewa siku ya kwanza. Inaweza kuendeshwa na RAM ya GB 2, ingawa inapendekezwa GB 4. Kwa kompyuta dhaifu zaidi ipo Lubuntu. Ndani ya mifumo hii utapata LibreOffice ya kuandika barua na kufanya hesabu, na Firefox ya kuingia mtandaoni. Masasisho ya usalama yanaendelea, na hulipi leseni.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo LibreOffice ya leo imetokana nayo. Programu huria zilikwisha kufundishwa Kiswahili hapahapa nyumbani, wakati wanafunzi wengi wa vyuo wa leo ni wachanga au hawajazaliwa. Hatuna haja ya kuziogopa.

Na unaweza kujaribu kabla ya kuamua. Flashi ya GB 8 inatosha kuwekwa Linux Mint, nawe ukaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa kilichomo kwenye diski. Angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inaitika. Ukiridhika, ndipo uisakinishe. Nakutahadharisha mapema: kama kazi yako inategemea programu maalumu ya uhasibu au ya uchoraji iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, uliza kwanza. Nyaraka za Word nazo hufunguka, ila mpangilio wa kurasa huweza kusogea kidogo, hivyo barua ya kutuma kwa watu igeuze kuwa PDF.

Windows ya kuvunja leseni, ile ya "nitakuwekea na kila kitu humohumo", iepukeni. Anayekuwekea hujui amepachika nini ndani, na ndiyo kompyuta utakayoandikia nenosiri la benki yako.

Ukienda sokoni

Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, nenda ukijua unachotaka. RAM haina kinachochakaa kwa haraka, kwa hiyo RAM ya mtumba iliyojaribiwa mbele yako ni ununuzi mzuri. SSD huchakaa kwa kuandikwa, kwa hiyo nunua mpya, ya jina linalojulikana, yenye risiti na dhamana. Zipo za feki zinazojitambulisha kuwa na terabaiti moja au mbili huku ndani zikibeba sehemu ndogo tu ya hapo. Bei ikishuka mno kuliko maduka ya jirani, ondoka. Programu ya bure iitwayo H2testw hupima ukweli wa ujazo. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa kwamba utaipima.

Ulizia bei wiki ileile unayonunua, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM na SSD zimepanda katika soko la dunia, viwanda vikielekeza uzalishaji mwingi kwenye vituo vya akili mnemba. Kupanda huko kunaipa thamani zaidi ile RAM iliyolala ndani ya kompyuta mbovu ya jirani yako. Muulize.

Weka pia mpaka. Gharama ya kufufua ikizidi nusu ya bei ya kompyuta ya mtumba iliyo nzima na mpya zaidi, acha, nunua hiyo. Acha pia kama mazabodi imekufa. Kompyuta ndogo za bei rahisi zenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32 zilizochomelewa kwenye mazabodi huwezi kuziongezea kitu. Na betri la kompyuta mpakato likivimba, usilitoboe wala usilichaji tena. Lipelekwe kwa fundi anayejua, likiwa mbali na moto.

Kisha ilinde uliyoifufua. Umeme wetu hukatika, na unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Chomoa ukikatika. Ukipata uwezo, nunua UPS ndogo, kifaa cha umeme wa akiba, kwa ajili ya kompyuta ya mezani.

Taka tunazozivuta kwa pumzi

Lipo na jambo linalotugusa sote, hata asiye na kompyuta. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki ilionesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Kwa Afrika kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia moja. Maana yake ni kwamba kompyuta tunayoitupa kwetu huishia jalalani, nyaya zake zikachomwa ili shaba ipatikane, na moshi ule ukavutwa na vijana wanaoutafuta mkate wao pale na watoto wanaoishi jirani. Risasi iliyomo kwenye vioo vya zile televisheni na kompyuta zenye mgongo mkubwa haiozi. Inabaki kwenye udongo.

Tanzania ina kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021. Kenya wana Kituo cha WEEE Nairobi, kilichotokana na shirika la Computers for Schools Kenya ambalo lilianza kwa kuzipa shule kompyuta zilizokarabatiwa. Juhudi hizo ni za kuungwa mkono. Lakini kompyuta inayoendelea kufanya kazi haimhitaji mrejelezaji, na sehemu kubwa ya uchafuzi wa kompyuta hutokea kiwandani inapotengenezwa. Kila mwaka tunaouongeza kwenye maisha ya mashine iliyokwisha kutengenezwa ni faida kwa hewa tunayoivuta.

Kwa ofisi, kwa mafundi, kwa wazazi

Sasa nazigeukia ofisi, benki, hospitali, vyuo na mashirika. Stoo zenu zina kompyuta zilizopangwa hadi darini. Najua kinachowazuia kuzitoa: taarifa za wateja na za wagonjwa zilizomo. Mko sahihi kuogopa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inawataka muwe waangalifu. Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakutoshi. Basi fanyeni hivi: chomoeni diski, mbaki nazo, mziharibu kwa utaratibu wenu. Toeni kompyuta bila diski. Diski ndicho kifaa ambacho mpokeaji angekibadilisha kwa vyovyote vile. Kitu kinachowatia hofu na kitu kinachoifanya kompyuta iwe nzito ni kimoja. Kikiondoka, ninyi mnabaki salama, na shule ya kata au maktaba ya kijiji inapata mashine inayohitaji SSD peke yake.

Ndugu zangu mafundi, mmeshika imani ya watu. Mteja anapokuja na kompyuta nzito, mwoneshe safu ile ya diski kwenye kioo kabla ya kumtajia bei. Mpe sehemu zake za zamani mkononi. Hifadhi nakala ya picha za familia yake kabla ya kufuta chochote. Mtaa unaomwamini fundi wake hautupi vitu ovyo.

Walimu na viongozi wa kamati za nyumba za ibada, mnaweza kutenga siku moja ya likizo, mkamwita fundi mmoja na vijana waliosomea kompyuta, watu wakaleta mashine zao. Vijana watajifunza kwa kushika bisibisi, na wazee watarudi nyumbani na chombo kinachofanya kazi. Mtaa ukichangishana kwa utaratibu wetu uleule wa michango ya harusi na misiba, SSD kumi zikanunuliwa kwa pamoja, bei ya jumla nayo itashuka.

Na ninyi wazazi wenzangu, mwacheni mtoto awepo kompyuta inapofunguliwa. Aone feni, aone RAM inavyobanwa, aulize. Mtoto aliyeona ndani ya kompyuta haichukulii tena kuwa muujiza wa watu wa mbali. Huenda ndiye atakayeitengeneza ijayo.

Tuanze Jumamosi hii. Ishushe, ifute vumbi, iwashe, tazama safu ya diski na ya memori, andika kwenye karatasi aina ya kompyuta na ya RAM. Jumatatu waulize mafundi wawili bei, uzilinganishe. Kama huna haja nayo tena, mtafute mwanafunzi mmoja mtaani kwako anayeihitaji, umpe sasa, ingali na umri wa kumfaa.